Usiing'oe Kabla ya Juni

Hedley Tamblyn alikunywa chai yake ya asubuhi akiwa amesimama. Viti vilikuwepo, ila hakuvizoea. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa injini za boti katika bandari yetu ndogo ya Polwidden, pwani ya kusini ya Cornwall. Hata alipostaafu aliendelea kusimama dirishani, kikombe mkononi, kama mtu anayengoja kuitwa kazini.

Mkewe, Loveday, alikunywa yake nje kwenye benchi la mbao, hata kukiwa na upepo. Alipenda kuutazama ukuta wa nyumba yao. Juu ya ukuta huo ilitambaa bogenvilia yake. Shina lilikuwa nene kama mkono wa mtu mzima. Matawi yalipanda mpaka chini ya paa, yakapita juu ya dirisha la jikoni, na kila kiangazi yalijaa maua. Hayakuwa ya zambarau kama ya bogenvilia nyingi. Yalikuwa na rangi ya tofali linalotoka tanurini, wekundu uliochanganyika na umanjano. Wageni waliokuja kuogelea walisimama njiani kuyapiga picha.

Bogenvilia ni mmea wa nchi za joto. Baridi ya kwetu si kali kama ya bara, maana bahari hutupunguzia ukali wake, lakini baridi ni baridi. Wengi walijaribu kuipanda nje wakashindwa. Loveday hakushindwa. Alipokuwa msichana alifanya kazi jikoni katika jumba moja kubwa juu ya kilima. Jumba lilipouzwa, na nyumba yake ya vioo ya kulelea mimea ilipobomolewa, mtunza bustani alimpa kipande kimoja chenye mizizi ndani ya kopo la jemu. Mmea mama ulikatwa wiki hiyo hiyo. Kile kipande ndicho kilichobaki duniani, kwa jinsi Loveday alivyojua.

"Nikifa," Hedley alipenda kumtania, "nizike hapo chini ya huyo mume mwenzangu."

"Hapo hapana," Loveday alimjibu. "Utamletea unyevu, na unyevu unaozesha mizizi."

Thirza Rosevear, jirani aliyekuwa na kitalu cha miche kwenye barabara ya juu, alimwomba Loveday kipandikizi kila mwaka. Kijitawi kimoja tu, akaoteshe. Loveday alisema, mwaka ujao, shoga. Mwaka ujao ulifika, naye akasema hivyo hivyo. Thirza alicheka, wakaongea mengine. Urafiki wao haukuvunjika kwa sababu ya tawi.

Kila Novemba Loveday alikwenda kwenye mteremko wa bahari kukata kangaga zilizokauka, yale majani ya porini yaliyochanika kama unyoya, akarudi na magunia yaliyojaa. Hedley alimwona akienda na kurudi. Alipajua pale zilipotoka, hakujua zilikwenda wapi, na hakuuliza. Mambo ya ukuta yalikuwa ya Loveday. Yake yalikuwa ya injini.

Mwaka ninaousimulia, mwezi wa Oktoba, Loveday alikuwa jikoni anakanda unga wa pasti, ile mikate yetu ya nyama na viazi inayofungwa kama sambusa kubwa. Mkono wake wa kulia ulilegea. Alijaribu kumwita mumewe, likatoka neno lisiloeleweka. Hedley alidhani anatania. Alipogeuka alimwona ameegemea meza, uso umevutika upande mmoja.

Kilikuwa kiharusi. Gari la wagonjwa lilimchukua mpaka hospitali ya mjini. Madaktari walisema ataishi, lakini atakaa hospitalini muda mrefu. Mkono haukusogea. Maneno yalikuwa yamepotea. Alijua anachotaka kusema, lakini njia ya kutokea ilikuwa imezibwa.

Hedley alirudi kwenye nyumba tupu. Binti yao, Kerensa, aliyeolewa Plymouth, alikuja kumpikia siku chache, kisha akarudi kwa watoto wake. Hedley akabaki na ukuta.

Alisema moyoni kwamba ataitunza bogenvilia ya mkewe kuliko alivyowahi kutunza injini yoyote. Hakuna aliyemtuma. Ilikuwa njia yake ya kumpenda mtu aliye mbali. Alichukua mkasi wa kupogolea, akakata matawi yote marefu yaliyokuwa yakining'inia, mpaka mmea ukawa nadhifu kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Alinunua mbolea ya samaki, akaimwaga kwenye mizizi. Alimwagilia kila alipokumbuka, hata siku zenye manyunyu. Baada ya muda yakachipuka majani mapya, laini, mekundu. Hedley alifurahi. Alimweleza Loveday hospitalini kwamba ukuta unastawi.

Loveday alimtazama sana. Alimshika kwa mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa na nguvu. Midomo ilihangaika. Mwishowe neno moja likatoka.

"Funika."

Hedley akamvutia blanketi mpaka kidevuni. Loveday akatikisa kichwa.

"Funika," alisema tena.

Hedley alimwita muuguzi, akaomba blanketi la pili. Akamfunika miguu, akachomeka kingo chini ya godoro vizuri, kama alivyokuwa akifunika injini ya boti wakati wa mvua. Loveday aligeuzia uso ukutani na machozi yakamtoka. Hedley alipanda basi la kurudi nyumbani akiwa na huzuni kwamba mkewe anasikia baridi na yeye hawezi kumsaidia.

Januari ile upepo uligeuka, ukavuma kutoka mashariki. Kwa kawaida theluji ikianguka Polwidden huyeyuka kabla watoto hawajavaa viatu. Safari hii ilikaa. Jalidi, yaani ule umande unaoganda, ilifunika kila kitu. Maji ya kando ya gati yalishika barafu. Mabomba yalipasuka, na kanisani tuliimba tukiwa tumevaa makoti.

Hedley alipotoka nje asubuhi moja, majani ya bogenvilia yalikuwa meusi. Alipoyagusa yalikuwa kama karatasi iliyoloa. Wiki iliyofuata yalianguka yote. Matawi yakawa ya kijivu, makavu, yanavunjika kama vijiti vya kuwashia moto.

Alimpigia simu Kerensa. Binti akamwambia amuulize Bi Thirza, yule ndiye mjuzi wa mimea. Hedley akasema hakuna cha kuuliza, kitu kimekufa. Ukweli ni kwamba aliona aibu. Hakutaka habari ifike kanisani kwamba Loveday ameugua miezi michache tu, na mumewe ameshaua kitu alichokilea tangu ujana.

Mwezi Machi hospitali ilisema Loveday atatoka karibu na Pasaka. Hedley aliutazama ule mti mkavu ukutani, akaona kwamba hawezi kumwacha mkewe aingie nyumbani na kukuta maiti mlangoni. Katika kazi yake, kitu kilichokufa hutolewa. Akachukua sepetu.

Mizizi ilikuwa mirefu kuliko alivyodhani. Ilimchukua kutwa nzima. Alikata, akavuta, akakata tena. Gogo la chini alilitupa juu ya lundo la takataka nyuma ya banda lake la zana. Matawi aliyachoma. Kisha akapaka ukuta wote chokaa, ukang'aa. Nilipita pale siku hiyo, nikamwona juu ya ngazi, kofia imejaa matone meupe. Alinisalimia vizuri. Alidhani amefanya jambo la huruma, na kwa moyo wake lilikuwa la huruma.

Loveday alirudi kwenye kiti cha magurudumu, Kerensa akimsukuma. Hedley alikuwa ameoka mkate wa zafarani, ukaungua kidogo chini. Walipofika mbele ya nyumba Loveday aliinua mkono wa kushoto, na Kerensa akasimama.

"Wapi?" Loveday aliuliza.

"Ilikufa, mke wangu," Hedley alisema. "Baridi."

Loveday aliutazama ukuta mweupe kwa muda. Kisha akaashiria waingie ndani. Hedley alikuwa amemwekea kiti karibu na dirisha, kikitazama nje. Loveday aliomba kwa mkono kiti kigeuzwe. Tangu siku hiyo alikaa akiwa amelipa dirisha mgongo.

Majira yalibadilika. Maneno ya Loveday yalirudi, moja moja, kama watu wanaorudi kijijini baada ya mafuriko. Alianza kutembea kwa mkongojo. Alimtuma Hedley dukani, akamsahihisha jinsi ya kukata viazi, akacheka kidogo. Habari ya ukuta hawakuigusa.

Mwanzoni mwa Juni Hedley alikwenda nyuma ya banda kumwaga maganda ya viazi kwenye lundo. Gogo la bogenvilia lilikuwa bado pale, ubavuni mwa lundo. Aliona jambo ambalo hakulielewa. Chini ya gogo, karibu na mizizi iliyokatwa, kulikuwa na vichipukizi vyekundu vya urefu wa kidole. Vilikuwa vimekauka vyote. Lakini vilikuwa vimeota.

Alisimama pale mpaka maganda yakamwagika miguuni. Kisha akalitia gogo kwenye gunia, akapanda barabara ya juu.

Thirza Rosevear alikuwa akihamisha miche ya nyanya. Alifuta mikono, akalipokea gogo, akaligeuza. Alikwaruza gome kwa ukucha. Palikuwa pakavu, rangi ya udongo. Aligusa vile vichipukizi na havikuhimili, vikaanguka.

"Uliing'oa lini?" aliuliza.

"Machi."

"Hedley, kaka yangu. Hii haikuwa imekufa."

Hedley alisema alivyoyaona matawi kwa macho yake, makavu kabisa. Thirza akasema hakatai, matawi yalikufa. Lakini mmea huu una akiba chini. Juu yote yaweza kufa, na mzizi ukabaki umelala. Huamka ardhi ikishapata joto, na huku kwetu ardhi haipati joto mpaka mwisho wa Mei, hata Juni. "Machi, hata ungekuwa mzima kama ng'ombe, usingekuonyesha kitu," alisema. "Ukikwaruza gome ukaona kijani, ni hai. Ukiona kavu, shuka chini, kwaruza tena. Ukifika kwenye udongo bado kavu, usiseme umekufa. Ngoja Juni. Ikipita Juni, ndipo uchukue sepetu."

"Ulichipua kwenye takataka," Hedley alisema.

"Joto la lundo liliuamsha mapema, na mvua za Aprili zikausaidia. Mei ilipokauka haukuwa na mizizi ya kunywea."

Hedley alikaa juu ya kreti iliyogeuzwa. Thirza hakuwa mtu wa kumlaumu mwenzake, lakini alipoulizwa alisema kweli yote. Alimuuliza alifanya nini wakati wa vuli, na Hedley akaeleza: alipogoa, akatia mbolea, akamwagilia.

Thirza alimwambia kwamba hayo matatu ndiyo yaliyoulainisha mmea kabla ya baridi. Mbolea hutiwa majira ya kuchipua na kiangazi tu, na mwisho wa Agosti inakoma, ili matawi yakomae, yawe magumu. Ukitia Oktoba unauamsha mmea wakati wa kulala. Kupogoa vuli ni hivyo hivyo. Jeraha bichi linaitisha machipukizi mabichi, na jalidi hupenda machipukizi mabichi. Matawi ya zamani, hata yakionekana ovyo, huachwa yakinge yaliyo chini, yakapogolewa baridi ikishapita. Maji nayo ni hatari kuliko alivyodhani. Mimea ya joto inayolala huweza kuvumilia baridi ikiwa miguu yake ni mikavu. Baridi pamoja na tope, haivumilii.

"Na Loveday?" Hedley aliuliza. "Kila Novemba alikuwa na magunia yake ya kangaga. Alikuwa anazifanyia nini?"

"Hujui kweli?"

"Sikuwahi kumuuliza."

"Alikuwa anaifunika," Thirza alisema. "Analundika udongo mkavu shinani, juu yake kangaga, halafu anazungushia wavu wa banda la kuku na gunia lisipeperuke. Usiku wa jalidi ukitabiriwa anaongeza gunia jingine juu. Hakutumia nailoni hata siku moja. Nailoni inatoa jasho, inaozesha. Aprili anafungua."

Thirza aliniambia baadaye kwamba Hedley alikuwa ameshika gunia tupu kwa mikono miwili.

"Aliniambia," alisema mwishowe. "Kule hospitalini. Aliniambia funika. Mimi nikamwekea blanketi."

Alilirudisha gogo gunini, akashuka barabara bila kuaga. Loveday alikuwa mezani, anajifunza kumenya kwa mkono wa kushoto. Hedley aliweka gogo sakafuni mbele yake, akamweleza kila kitu, tangu mkasi mpaka lundo. Hakujitetea. Alipofika kwenye vile vichipukizi alimwonyesha kwa kidole mahali vilipokuwa vimeota.

Loveday alilitazama gogo. Alikasirika; Hedley aliona shingo yake ikibadilika rangi. Aligonga kisu mezani mara moja. Kisha maneno yakaja, polepole, kila moja likitafutwa.

"Ulidhani nasikia baridi."

"Nilidhani unasikia baridi."

"Mara mbili nilisema. Ukaleta la pili." Alitoa sauti iliyoanza kama kicheko na haikuishia kicheko. Hedley alimshika bega. Baada ya muda Loveday akasema, "Na mimi. Sikukufundisha. Nilitaka niwe na kitu usichokijua. Wewe na injini zako. Mimi na ukuta wangu."

"Ningeuliza ungeniambia."

"Labda. Thirza aliniomba tawi. Kila mwaka. Nikamnyima." Alifumba macho. "Ningempa moja tu, Hedley. Moja. Leo angekuwa nayo, tungemwomba sisi."

Hilo ndilo lililowauma zaidi kuliko baridi. Rangi ile haikuwa ya kununua. Kerensa alitafuta kwenye vitalu vya Plymouth na kwingineko, akaletewa nyekundu, akaletewa ya machungwa, na kila mara Loveday alitikisa kichwa. Aliyeificha mali ili iwe yake peke yake, akiipoteza hana wa kumrudishia.

Thirza alikuja wiki ile ile na mche wa bogenvilia ya zambarau, ile ya kawaida inayovumilia zaidi. Hakusema neno kuhusu matawi aliyonyimwa. Alisema huu ndio wakati wa kupanda, si vuli, ili mmea uwe na kiangazi kizima cha kushika mizizi kabla ya baridi yake ya kwanza.

Loveday aliletewa kiti nje. Kwa mara ya kwanza tangu Pasaka aliutazama ukuta. Yeye ndiye aliyeongoza. Hedley alichimba, na Thirza alieleza pale maneno ya Loveday yalipokwama.

Waliupanda palepale, kwa sababu ukuta ule unatazama kusini. Jua letu hupita upande wa kusini, na mawe ya ukuta hulinywa joto mchana kutwa, yakalirudisha taratibu usiku. Mmea ulioegemea ukuta kama huo ni kama mtu aliyelala karibu na jiko. Kona ile pia ina nyumba ya jirani upande wa magharibi, inayokinga upepo wenye chumvi. Thirza alisema asiye na kinga apande kwanza ua wa vichaka vigumu, maana chumvi huunguza majani kama moto.

Udongo ulikuwa mzito. Hedley alitaka kuurudisha ulivyo. Loveday akasema, "Kokoto." Hedley akaleta ndoo za changarawe kutoka mtoni, si ufukweni, kwa sababu ya chumvi, akachanganya na udongo na mboji kidogo ili maji yapite haraka. Waliuinua udongo kama kituta, maji ya mvua yasituame. Walipoutoa mche kwenye kopo hawakuutikisa mizizi, maana mizizi ya bogenvilia ni myepesi kuumia na migumu kusamehe. Hedley alipigilia misumari na kufunga nyaya ukutani, zikiachana na mawe kwa upana wa vidole viwili ili hewa ipite. Kazi ya nyaya aliifanya vizuri sana. Loveday alimwambia hivyo.

Novemba walikwenda wote wawili mteremkoni. Loveday aliketi juu ya jiwe, na Hedley alikata kangaga. Alipofunika mara ya kwanza alizishindilia sana. Loveday akamwambia azilegeze, kwani hewa iliyo ndani ndiyo inayoleta joto. Alifungua, akafunika tena. Loveday aliangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baridi ya mwaka ule haikuwa kali kama ya mwaka uliotangulia, lakini jalidi ilikuja mara kadhaa, na matawi machanga yote yalikauka. Machi ilipofika Hedley hakulala vizuri. Alikwenda ukutani, akarudi. Alimwambia mkewe kwamba yaelekea imekufa. Loveday akamwambia, weka mikono mfukoni. Aprili wakafungua magunia. Shina lilikuwa kavu. Kerensa alikuja na watoto, akauliza kwa nini wanatunza kijiti, na babu wa watoto akamkemea kwa upole. Mei ikapita. Loveday aliomba asogezwe karibu, akainama, akakwaruza kwa ukucha wa mkono wa kushoto sehemu ya chini kabisa. Palikuwa na mstari mwembamba wa kijani.

Katikati ya Juni ilichipua. Mwisho wa kiangazi ilikuwa imefika kwenye dirisha na ilikuwa na maua yake ya kwanza.

"Nzuri," Loveday alisema.

"Si ile," Hedley alisema.

"Si ile. Lakini nzuri."

Mwaka uliofuata, mmea uliposhika nguvu, Loveday alikata vipandikizi mwezi Julai, akaviotesha kwenye makopo yaliyopangwa dirishani ndani ya nyumba. Aligawa vyote isipokuwa kimoja. Thirza alipata cha kwanza, ingawa alikuwa na mmea mama kitaluni kwake na hakuhitaji. Alikipokea kwa mikono miwili. Mimi pia nilipata, nacho ndicho kilicho mlangoni kwangu. Sasa baridi ikiua wa mmoja, wa mwenzake upo.

Kisha ikaja baridi nyingine mbaya. Mwezi Machi Hedley alikuwa akirudi kutoka dukani alipomwona Silas Chenoweth, mwokaji mikate, amesimama mbele ya ukuta wake na sepetu. Silas alikuwa na mplumbago, mmea mwingine wa joto unaotambaa na kutoa maua ya samawati. Aliupanda mwaka aliofunga ndoa. Ulikuwa umekauka wote.

Hedley hakumsalimia kwanza. Alivuka barabara, akashika mpini wa sepetu.

"Tulia, Silas."

"Umekufa, mzee. Mke wangu hataki kuuona."

"Mkeo atautaka mwezi wa Juni. Kata yale yaliyokauka tu, Aprili ikiisha, na acha kiasi cha futi moja. Funika chini. Halafu usifanye kitu."

"Na usipochipua?"

"Usipochipua nitakuja mimi nikung'olee. Lakini sitakuja Machi."

Silas alicheka, akasema wazee wana vituko. Hedley hakucheka naye. Alimweleza habari ya gogo, pale pale barabarani, watu wakipita. Hakuwa amewahi kuieleza hadharani. Alipofika kwenye neno ambalo mkewe alimwambia hospitalini, Silas aliliegemeza sepetu ukutani mwenyewe.

Mplumbago wa Silas ulichipua Juni, wiki ya pili. Mke wa Silas alimwita Hedley dukani kwao aje aone. Hedley alipiga goti moja, akavitazama vichipukizi, vya kijani kibichi, vikitoka pembeni mwa shina. Wakampa mkate wa moto aende nao. Alishukuru, akarudi nyumbani polepole.

Loveday alikuwa ametandika meza ya chai nje.

"Wa Silas umechipua," Hedley alimwambia.

"Wapi?"

"Chini kabisa. Pale shina linapoingia udongoni."

Loveday alikata mkate kwa mkono wake wa kushoto, akampa kipande, akabaki ameshika kisu.

"Ile yetu ingechipua hapo hapo," alisema.

"Ndiyo," Hedley alisema. "Hapo hapo."